Tiketi ya Afrika ilivyopita Chamazi na kufika Kinondoni

Na Mwandishi Wetu

Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam msimu wa 2018/19 iliikutanisha Temeke na Kinondoni. Upande wa Temeke walisimama Azam FC, wenye uwanja wao Chamazi, mbele ya Mbagala. Upande wa Kinondoni walisimama KMC, timu ya Manispaa, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Pambano lilipigwa Chamazi mwishoni mwa Aprili 2019, na wenyeji wakashinda bao 1-0.

Kwa mpenzi wa kandanda habari inaishia hapo: mmoja amepita, mwingine amerudi nyumbani. Kwa mfanyabiashara hesabu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu miezi minne baadaye timu zote mbili, mshindi na mshindwa, zilikuwa zikicheza Kombe la Shirikisho la Afrika. KMC walipata kwa kufungwa kile ambacho Azam walikipata kwa kushinda. Namna jambo hilo lilivyotokea, na nani alilipa bili yake, ni somo zuri la bei kwa mtu yeyote anayeweka fedha zake kwenye kitu ambacho thamani yake inaamuliwa na mtu mwingine asiyemjua.

TIKETI, SI KOMBE

Mashindano haya ya mtoano, ambayo watu wengi wa Dar es Salaam huyaita kwa kifupi Kombe la FA, yalifufuliwa msimu wa 2015/16 baada ya kulala kwa miaka mingi. Jina la FA limetoka Uingereza, ambako kombe la aina hiyo lilianza msimu wa 1871/72 kwa timu 15 tu, na utaratibu ni ule ule: wakubwa na wadogo wanatiwa kwenye chungu kimoja, kura inapigwa, anayefungwa anaaga. Katika ligi mtu akianguka leo atainuka wiki ijayo. Hapa hakuna wiki ijayo.

Mdhamini wa kwanza alikuwa Azam Media, ndiyo maana kombe likabeba jina lake. Zawadi ya bingwa iliyotangazwa miaka ile ilikuwa Sh. milioni 50. Kwa timu ya daraja la pili hiyo ni fedha ya kujengea msimu mzima. Kwa timu ya Ligi Kuu yenye wachezaji wa kigeni ni fedha inayoyeyuka kabla hundi haijakauka wino.

Kilichokuwa na bei kubwa zaidi ni tiketi. Bingwa wa kombe hili huiwakilisha Tanzania Bara katika Kombe la Shirikisho la CAF. Huko, timu ikifika hatua ya makundi, hata ikishika mkia, ilikuwa na uhakika wa Dola za Marekani 275,000 kwa viwango vya wakati huo. Kwa dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh. 2,300, hiyo ni zaidi ya Sh. milioni 630. Linganisha na milioni 50 za nyumbani, utaelewa kwa nini viongozi wa timu walikuwa wakilia na kucheka kwa ajili ya kombe ambalo mashabiki wengi walilichukulia kama chachandu ya ligi.

Lakini tiketi yenyewe si fedha. Tiketi ni ruhusa ya kwenda kuitafuta fedha, kwa gharama zako.

SIMBA ANATOLEWA, SIMBA ANALIPA

Msimu huo ulianza kwa kishindo. Tarehe 26 Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma, timu ya daraja la chini, iliingia Uwanja wa Taifa na kuifunga Simba mabao 3-2. Siku tatu tu kabla, Simba hao hao walikuwa wameitoa Nkana ya Zambia na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimbazi waliduwaa, na wauza jezi wa Kariakoo wakafuta mechi kadhaa kwenye daftari lao la makadirio.

Hasara ya Simba katika kombe la nyumbani ilikuwa ndogo. Walikuwa na shughuli kubwa zaidi. Walikwenda hadi robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na TP Mazembe mwezi Aprili 2019, na hatua hiyo ilikuwa na malipo ya dola 650,000, karibu Sh. bilioni moja na nusu.

Lipo jambo jingine ambalo Simba walilileta nyumbani, na halikuingia katika akaunti yao. CAF hugawa nafasi kwa nchi kulingana na pointi ambazo klabu zake zimevuna kwa miaka mitano. Nchi 12 za juu hupewa timu mbili katika kila kombe, zilizobaki moja moja. Pointi za Simba ziliisukuma Tanzania ndani ya 12 bora, na kwa msimu wa 2019/20 nchi ikapewa nafasi nne badala ya mbili.

Timu iliyotolewa kwenye Kombe la FA mwezi Desemba ndiyo iliyochapisha tiketi ya ziada iliyokuja kuuzwa mwezi Juni.

FAINALI YA LINDI

Sasa tuipige hesabu yenyewe, na msomaji aifuate taratibu kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya.

Ligi Kuu ilimalizika mwishoni mwa Mei 2019, Simba wakiwa wa kwanza, Yanga wa pili, Azam wa tatu na KMC wa nne. Nafasi mbili za Ligi ya Mabingwa zilikwenda kwa Simba na Yanga. Nafasi ya kwanza ya Kombe la Shirikisho ilikuwa ya bingwa wa FA. Nafasi ya pili ilikuwa ya anayefuata katika msimamo wa ligi, yaani mshindi wa tatu.

Fainali ya FA ilikuwa bado haijachezwa. Ilipangwa tarehe 1 Juni 2019 katika Uwanja wa Ilulu, Lindi, kati ya Azam na Lipuli ya Iringa. Wanapaluhengo hao, chini ya kocha Selemani Matola, walikuwa wameifunga Yanga 2-0 katika nusu fainali kwenye Uwanja wa Samora mwezi Mei.

Kama Lipuli wangeshinda Lindi, wangechukua tiketi ya bingwa. Azam, kwa kuwa wa tatu, wangechukua ile ya pili. KMC wangebaki Kinondoni wakitazama televisheni.

Kama Azam wangeshinda, wangechukua tiketi ya bingwa, na ile ya mshindi wa tatu isingekuwa na mwenyewe kwa kuwa mshindi wa tatu tayari anayo. Ingeshuka ngazi moja hadi kwa wa nne.

Kwa hiyo Azam hawakuwa na tiketi ya kupoteza Lindi. Wangekwenda Afrika kwa vyovyote vile. Lipuli walikuwa na kila kitu cha kupoteza. Na KMC, ambao hawakuwepo uwanjani, walikuwa wanaitegemea timu iliyowatoa wiki tano zilizopita. Kule Kinondoni palikuwa na sababu ya kibiashara ya kuishangilia Chamazi.

Obrey Chirwa, mshambuliaji wa Zambia aliyewahi kuichezea Yanga, alifunga bao pekee. Azam wakatwaa kombe lenye jina la kampuni ndugu, jambo lililowafanya watani wa mjini waseme kwamba zawadi imetoka mfuko wa kushoto kuingia mfuko wa kulia. Utani huo una ukweli wa kihasibu, kwa kuwa klabu na kituo cha televisheni ni vya kundi moja la makampuni ya Bakhresa, ingawa ni vitu viwili vyenye vitabu viwili. Wana Lambalamba walikuwa wamesubiri kombe hili tangu walipofungwa na Yanga 3-1 katika fainali ya kwanza, Mei 2016.

Bao moja la Lindi lilipeleka timu mbili za Dar es Salaam nje ya nchi na kuirudisha timu moja ya Iringa mikono mitupu.

Kwa njia, Azam hawakuwa na safari ngumu. Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala ndiyo hiyo hiyo inayokwenda Lindi. Watu wa Iringa walikuwa na safari ndefu zaidi.

BILI YA SAFARI

Azam walipangiwa Fasil Kenema ya Ethiopia. Walifungwa 1-0 ugenini, wakashinda 3-1 nyumbani mwezi Agosti 2019. Wakaja Triangle United ya Zimbabwe. Azam wakafungwa 1-0 nyumbani, wakafungwa tena 1-0 ugenini. Safari ikaishia hapo, nje ya mlango wa makundi, nje ya zile dola 275,000.

KMC hawakufika hata hapo. Walitoka sare ya bila kufungana na AS Kigali nchini Rwanda, wakafungwa 2-1 mjini Dar es Salaam, na kombe likawa limekwisha kwao kabla Agosti haijamalizika.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone ukubwa wa bili. Msafara wa watu 30 ukilipia tiketi ya ndege ya dola 500 kwa kila kichwa, ni dola 15,000, yaani Sh. milioni 34.5 kwa safari moja. Hapo hakuna hoteli, hakuna chakula, hakuna posho, hakuna maandalizi ya mechi ya nyumbani wala gharama za waamuzi na wasimamizi. Bingwa mwenye milioni 50 mkononi akienda safari mbili za namna hiyo, zawadi imekwisha na deni limeanza.

Katika miaka hiyo CAF haikuwa ikitoa fedha kwa timu zinazotolewa katika raundi za awali. Ni kuanzia msimu wa 2023/24 ndipo lilipoanza kutoa dola 50,000 kwa kila klabu ya raundi hizo. Kwa Azam na KMC ya 2019 nafuu hiyo ilichelewa miaka minne.

Swali la nani alilipa halina jibu moja. Azam ni mali ya mfanyabiashara binafsi. Akiona inafaa kulitangaza jina lake Bahir Dar na Bulawayo, fedha ni zake na hesabu ni yake, na mtu mwenye kiwanda cha unga, maji ya matunda na aiskrimu anaweza kuwa na sababu zisizoonekana kwenye stakabadhi ya mlangoni. KMC ni kitu kingine. Ni timu ya Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni, na halmashauri hupata mapato yake kwa wenye leseni, wenye vibanda, wenye meza sokoni. Mwenye duka la Tandale au Mwananyamala anayelipa ushuru wake ana haki ya kuuliza safari ya Kigali ilileta nini, kwa namna ambayo mlaji wa aiskrimu wa Mbagala hawezi kumuuliza Bakhresa.

Ukurasa huu hauna ugomvi na manispaa kuwa na timu. Kuna vijana waliopata ajira na jina la Kinondoni lilifika mahali ambapo halikuwa limefika. Lakini fedha ya umma iliyowekwa kwenye mtoano ni fedha iliyowekwa kwenye kitu ambacho nusu ya washiriki hupoteza kila raundi, na afadhali iandikwe hivyo kwenye bajeti kuliko kuitwa uwekezaji.

Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 2018, walikumbana na aina nyingine ya bili. Kabla ya kuitumia tiketi yao iliwalazimu kwanza wamalizane na CAF kuhusu faini ya zamani, iliyotokana na kushindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini miaka mingi nyuma. Deni halisahau. Walipomalizana nalo waliitoa Northern Dynamo ya Shelisheli na kutolewa na KCCA ya Uganda.

KUFUNGWA NA NANI

Mfanyabiashara aliyezoea kusoma orodha ya bei atagundua kitu cha ajabu akipanga fainali za kwanza tano kwa mstari.

Mwaka 2016 Azam walifungwa na Yanga. Yanga walikuwa pia mabingwa wa ligi na wakaenda Ligi ya Mabingwa, hivyo tiketi ya Kombe la Shirikisho ikamwangukia aliyefungwa. Azam wakasafiri.

Mwaka 2017 Mbao FC ya Mwanza walifungwa na Simba 2-1 mjini Dodoma, baada ya muda wa nyongeza. Bingwa wa ligi mwaka huo alikuwa Yanga, kwa hiyo Simba waliitumia tiketi wenyewe. Mbao hawakupata kitu.

Mwaka 2018 Singida United walifungwa na Mtibwa 3-2 mjini Arusha. Hawakupata kitu.

Mwaka 2019 Lipuli, kama tulivyoona, hawakupata kitu.

Mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa walifungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Simba walikuwa mabingwa wa ligi. Namungo wakapata tiketi.

Hao Namungo ndio waliofanya kile ambacho hakuna bingwa yeyote wa kombe hili katika miaka hiyo mitano aliyekifanya kwa tiketi hiyo. Waliingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21. Mechi zao mbili za kuingilia makundi, dhidi ya Primeiro de Agosto ya Angola, zilichezwa zote Chamazi mwezi Februari 2021, kwa sababu safari ya Luanda ilikwamishwa na masharti ya ugonjwa wa korona. Walishinda 6-2, wakafungwa 3-1, wakapita. Katika makundi walifungwa mechi zote, lakini mkia wa kundi ulikuwa na zile dola 275,000.

Angalia sasa upande wa pili wa daftari. Mbao, Singida United na Lipuli, washindwa watatu wa fainali tatu mfululizo, waliondoka Ligi Kuu msimu mmoja, wa 2019/20. Singida na Lipuli walishuka moja kwa moja. Mbao walishuka baada ya kushindwa na Ihefu katika mechi za mchujo. Si haki kusema kwamba fainali ndiyo iliyowaua, kwani timu za mikoani zina maradhi mengi, na msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu. Lakini ni haki kusema kwamba kila mmoja alifika mlango wa fedha, akagonga, na hakufunguliwa, kwa sababu tu aliyemfunga hakuwa bingwa wa ligi.

Thamani ya kufika fainali, basi, ilitegemea msimamo wa ligi ambao mchezaji wa Lipuli au Mbao hakuwa na uwezo wowote juu yake. Anayenunua korosho akiomba mvua isinyeshe kwenye shamba la mwenzake anaielewa biashara ya namna hii.

Hata soko la makocha lilisoma alama hizi. Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyeifikisha Mbao fainali ya 2017, ndiye aliyekuwa na KMC msimu wa 2018/19 na kuishikisha nafasi ya nne. Mara baada ya msimu alivuka mji, kutoka Kinondoni kwenda Chamazi, akawa kocha wa Azam katika safari ile ile ya Ethiopia na Zimbabwe, na baadaye mwaka huo akapewa timu ya taifa. Mtaji uliohama bila kuzuiwa na kura yoyote ulikuwa kichwa cha kocha.

MEZA ZA MBAGALA

Tushuke sasa kwenye biashara ndogo, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu hawana klabu, wana meza.

Msimu ule wa ligi ulikuwa na timu 20. Kila timu ilikuwa na mechi 19 za nyumbani, zenye tarehe. Mama lishe wa njia ya Chamazi, mkaanga chipsi wa Rangi Tatu, mwenye bodaboda anayesubiri abiria wa kurudi usiku, wote waliweza kuzipanga siku 19 hizo kama anavyopanga mwenye duka siku za mshahara. Mtoano haupangiki. Bingwa mwenyewe anaweza kucheza nyumbani mara mbili au tatu tu, na hajui ni lini hadi kura ipigwe. Fainali, ambayo ndiyo siku ya mauzo, inapelekwa mkoani: Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma. Faida ya nyumba za wageni na baa inabaki huko, jambo jema kwa Lindi, lakini mkaanga chipsi wa Mbagala anaisherehekea bila kuuza kipande cha kuku.

Ndiyo maana mechi kama ile ya Azam na KMC ina maana kuliko inavyoonekana. Ilikuwa nusu fainali kati ya timu mbili za mji mmoja, katika uwanja wa watu wapatao 10,000, ambako mgeni alifika kwa daladala. Hakuna mechi ya kombe hilo inayoweza kuwa ya gharama ndogo zaidi kwa pande zote. Kasoro yake ni kwamba timu hizo mbili zina mashabiki wachache kuliko Simba au Yanga, hivyo watu wa Mbagala wenye meza walikuwa na akili kutopika kama kwamba Wana Jangwani wanakuja.

Mwenye kibanda umiza wa Manzese au Tandika alikuwa na hesabu tofauti kidogo. Yeye anauza viti, na kwake Lindi na London ni kiti kile kile. Wiki mbili kabla ya fainali ya Ilulu, tarehe 18 Mei 2019, Manchester City waliifunga Watford 6-0 katika fainali ya FA ya Uingereza, na bingwa wa huko alikuwa na zawadi ya Pauni milioni 3.6 kwa fainali peke yake.

Tofauti kubwa na Uingereza, hata hivyo, haiko kwenye hundi ya mwisho. Iko njiani. Kule kila raundi ina malipo yake, na mapato ya mlangoni, baada ya gharama, hugawanywa asilimia 45 kwa kila timu na 10 kwenye mfuko wa pamoja. Timu ndogo ikipangiwa uwanja mkubwa, kura hiyo peke yake ni biashara. Zamani ilikuwa na njia ya pili: ukitoka sare, mechi inarudiwa na mlango unafunguliwa mara ya pili. Marudiano hayo yalifutwa kuanzia msimu wa 2024/25, na wadogo walilalamika kwa sababu wameondolewa chanzo cha mapato. Hapa kwetu sare imekuwa ikimalizwa kwa penalti siku hiyo hiyo, mlango unafunguliwa mara moja, na kabla ya mgao huondolewa kodi ya VAT ya asilimia 18, gharama za tiketi, uwanja na vyama. Mashujaa walipoishangaza nchi kwa kuifunga Simba, heshima ilikuwa yao yote, lakini mchezo ulikuwa Dar es Salaam. Kama kura ingewapa nyumbani, Kigoma nzima ingekuwa uwanjani. Heshima ilizaa matunda baadaye kwa njia yake, kwani mwaka 2023 walipanda Ligi Kuu.

MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo anayetaka kununua kipande cha mchezo huu alikuwa na milango michache. Azam ni kampuni binafsi. KMC ni ya manispaa. Simba waliingia kwenye mabadiliko ya umiliki ambapo mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni kwa Sh. bilioni 20, akapewa asilimia 49 na wanachama kubaki na 51 kama Serikali ilivyoagiza, lakini hisa hizo hazikuletwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Mlango ulifunguka kwa upande usiotarajiwa mwaka 2024, udhamini wa kombe ulipohamia Benki ya CRDB na jina likawa Kombe la Shirikisho la Benki ya CRDB. Benki hiyo imeorodheshwa katika Soko la Hisa tangu mwaka 2009. Mwalimu wa Temeke mwenye hisa zake chache amekuwa, bila kupiga mpira, mmoja wa wanaolipia kombe. Akihudhuria mkutano mkuu anaweza kuuliza fedha ya matangazo imeleta akaunti ngapi mpya. Fainali mbili za kwanza chini ya jina hilo zilichezwa Zanzibar, katika Uwanja wa New Amaan. Mwaka 2024 Yanga waliwashinda Azam kwa penalti 6-5 baada ya sare ya bila bao. Mwaka 2025 waliifunga Singida Black Stars 2-0.

Kilicholeta fedha ya kudumu Chamazi na Kinondoni, hata hivyo, kimekuwa viwanja vyenyewe kuliko kombe. Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, ulipofungwa kwa matengenezo, wakubwa wa mji walilazimika kupanga. Yanga walicheza mechi zao za nyumbani Chamazi msimu wa 2023/24. Katika msimu wa 2024/25 waliondoka na kuhamia Uwanja wa KMC, Mwenge, ambako Simba pia walikuwa wakicheza. KMC, ambao mwaka 2019 walikuwa wapangaji katika Uwanja wa Uhuru huko Temeke, wakawa wenye nyumba. Mpangaji wa namna hiyo huleta watu mwezi baada ya mwezi, kwa tarehe zinazojulikana, na watembeza jezi waliokuwa wakipanda daladala za Mbagala walianza kushukia kituo cha Mwenge.